Harufu Iliyosingiziwa Samaki

Harufu ilianza kama ya samaki aliyekaa juani, na kwa kuwa chumba cha pili kilikuwa cha muuza samaki, kila mtu aliona jibu liko wazi. Mama mwokaji akafunga dirisha. Siku nyingine akapita kwa jirani yake, akamwambia kwa adabu, "Dada, kambale wako wa leo hawakukauka vizuri." Jirani akanusa vikapu vyake kimoja kimoja, hakuona kibaya, akanyamaza kwa kuuheshimu ujirani. Baada ya wiki chache walikuwa hawasalimiani.

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya funzo, ndiyo maana watu wake hawana majina. Lakini vifaa vilivyomo utavikuta ukizunguka maduka ya mitumba ya Mbarara, Uganda, na makosa yaliyomo yanafanyika leo hii kwenye vyumba vya biashara vya watu wenye akili timamu na bidii ya kazi. Naliweka hili mbele kwa sababu tukisikia habari ya nyumba kuungua huwa tunaharakisha kumtafuta mzembe. Mama huyu hakuwa mzembe. Alikuwa na pua nzuri kuliko watu wengi, na pua hiyo ilimwambia ukweli mapema. Alichokosa ni mtu wa kumweleza kwamba katika umeme kuna aina ya hatari ambayo fyuzi haiioni wala breka haiioni, na mlinzi anayebaki ni pua yako.

Alitoka Kivu Kusini, Kongo, akapokelewa Nakivale, upande wa New Congo. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yalianzishwa mwaka 1958 kuwapokea Wanyarwanda, na tangu hapo kila vita katika nchi za jirani vimeongeza watu: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Leo wameipita laki moja kwa mbali, na sokoni ni Kiswahili kinachofunga bei. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kufungua biashara yake, na mama huyu aliitumia ruhusa hiyo kwa keki.

Oveni yake ya kwanza ilikuwa sufuria mbili. Kubwa ilikaa juu ya mbabula, yaani jiko la mkaa, ikiwa na mchanga mkavu wa kimo cha vidole viwili. Juu ya mchanga mawe matatu madogo, juu ya mawe sufuria ndogo yenye rojo la keki. Kisha bati la kufunikia, na juu ya bati makaa. Mchanga huzuia keki kuungua chini, makaa ya juu huipa uso rangi. Hakuna saa wala kipimo cha joto. Kuna harufu: kwanza ya siagi, halafu ya maziwa, halafu ile ya sukari inayoanza kugeuka, na hapo makaa ya juu huondolewa upesi. Aliyejifunza kuoka hivyo hahitaji kuambiwa kwamba harufu ni habari.

Mkaa una ubaya wake, na si mdogo. Ukiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Kwa hiyo simlaumu yeyote anayetamani kuuacha. Ila anayeuacha ajue kwamba anahamia kwenye moto wa tabia nyingine, na macho yaliyozoea kutazama makaa hayatamsaidia huko.

Wateja wenye pesa walikuwa Mbarara: mahafali ya chuo kikuu, harusi, ubatizo. Keki ya ghorofa tatu ikipakiwa kwenye teksi Nakivale, ikapitishwa kwenye vumbi lote la Isingiro katikati ya migomba, hufika mjini imelala upande. Mama akapanga chumba Kakoba, humohumo Mbarara, kimoja kati ya vitatu vilivyo chini ya bati moja: saluni upande huu, samaki upande ule, yeye katikati. Jirani wa samaki alikuwa akileta kambale wa moshi na sato kutoka Ziwa Nakivale, basi mwanzoni walikuwa na mengi ya kuongea. Walijuana na watu walewale, walilalamikia teksi zilezile.

Oveni aliinunua kwa muuza mitumba. Ilikuwa imeshuka kwenye kontena kutoka Ulaya, nzito, yenye kioo cheusi na vitufe vinne. Nyuma palikuwa na kibandiko kilichosema wati 2,500. Kwa umeme wetu wa volti 240, hizo ni ampea 10 na kidogo. Themostati huukata umeme na kuurudisha, lakini siku ya kazi nyingi oveni hiyo huvuta ampea hizo saa baada ya saa. Taa ya LED ya chumba haifikii hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Chaja ya simu vilevile. Pasi na birika huvuta sana, ila huzimwa baada ya dakika chache. Watu wengi wameishi na umeme miaka yote bila kuwasha kitu kinachovuta sana kwa muda mrefu, na nyaya zao hazijawahi kutahiniwa.

Plagi ya oveni ilikuwa na miguu miwili ya mviringo, kama zilivyo plagi za Ujerumani na za nchi nyingi za Ulaya bara. Soketi ya Uganda ni ya Kiingereza, matundu matatu ya pembe nne. Tundu la juu ni la athi na lina kazi mbili: linapokea ule mguu mrefu unaoupeleka umeme uliovuja ardhini badala ya mwilini mwa mtu, na mguu huohuo ukiingia hufungua vifuniko vidogo vinavyoziba matundu ya chini. Kijana aliyesaidia kuishusha oveni aliijua dawa yake. Alichukua kifuniko cha kalamu ya biki, akakisukuma kwenye tundu la juu, vifuniko vikafunguka, akaishindilia miguu ya mviringo kwenye matundu ya pembe nne. Taa nyekundu ikawaka. Watu wakapiga makofi.

Huenda nawe umeona ikifanywa hivyo kwa chaja ya simu, na hakuna lililotokea. Hapo ndipo watu wanapopotezwa. Chaja huvuta umeme kidogo mno, hata mguu wa plagi ukigusa shaba kwa ncha tu, inatosha. Kwa oveni haitoshi. Ndani ya soketi mna vibano vya shaba vilivyotengenezwa kushika mguu bapa kwa uso wake wote. Mguu wa mviringo huvigusa kwenye mstari mwembamba, na tena huvitanua, kiasi kwamba hata ukija kuweka plagi sahihi baadaye, vibano vimeshalegea. Zaidi ya hayo, plagi ya Kiingereza ina fyuzi yake ndani. Hiyo ya miguu miwili haina. Na mwili wa oveni, chuma kitupu, ulikuwa hauna tena waya wa athi.

Siku ya kwanza oveni ilitoa moshi, na moshi huo ulikuwa na sababu ya kawaida. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda chini ya rafu. Mama akaizima, akaiacha ipoe, akaisugua kwa magadi na ndimu hadi pembeni, akaiwasha tupu kwa muda huku milango iko wazi. Harufu ikaisha. Naona kosa kubwa lilizaliwa hapo, katika kufaulu. Alipata jibu sahihi la harufu ya kwanza, na kuanzia siku hiyo kila harufu ya oveni ikawa na jibu hilohilo: uchafu. Ilipokuja ile ya samaki, alisugua tena. Haikuisha. Basi, akasema, si ya oveni, na aliyekuwa karibu wa kulaumiwa alikuwa mmoja.

Jumapili moja aliwasha oveni kuoka mikate ya kanisani. Chumba cha samaki kilikuwa kimefungwa tangu jana yake, vikapu vimeoshwa na kuanikwa nje. Baada ya kama saa moja harufu ikaja. Mwanafunzi wake, binti aliyetoka naye Nakivale, akainua kichwa kwenye unga aliokuwa akiuchekecha.

"Mama, leo samaki hawapo."

"Harufu ya samaki huingia ukutani, binti yangu. Haitoki kwa siku moja."

Ningependa kila msomaji akae kidogo kwenye maneno hayo mawili. Binti alikuwa ametoa ushahidi uliotosha kuukata mzizi wa fitina. Kinacholaumiwa hakipo, na harufu ipo. Tena ilikuja oveni ilipokuwa imewaka kwa muda, na iliondoka oveni ilipozimwa. Fundi aliyesomea kazi hii miaka mingi angeanza kwa kuuliza maswali hayohayo: harufu inakuja lini, inaondoka lini, na ukikiondoa kile unachokishuku, inabaki? Lakini mama alikuwa na ugomvi wa kulinda, na mtu mwenye ugomvi hutafuta sababu ya kuendelea nao.

Harufu ile ilikuwa ya soketi. Baadhi ya plastiki ngumu zinazotengenezewa soketi, plagi na swichi, zikipata joto kupita kiasi, hutoa harufu inayofanana mno na ya samaki, na wengine huisikia kama mkojo. Mafundi wa umeme wa nchi nyingi wanaijua. Ukiisikia ndani ya nyumba isiyo na samaki, usimtafute panya aliyekufa kwanza. Tafuta plagi.

Ijumaa moja kabla ya harusi, oveni iliwashwa saa 1 asubuhi. Keki ilikuwa ya ghorofa tano, na wenye harusi walikuwa wameshatoa nusu ya malipo. Kufika alasiri trei zilikuwa zimeingia na kutoka bila mapumziko. Soketi ilikuwa nyuma ya meza ya unga, imefichwa na pazia. Harufu ikawa kali, ya kuwasha macho. Ukasikika mchirizo mdogo ukutani. Pazia likashika moto.

Binti alikuwa karibu zaidi, akatupa alichokuwa nacho mkononi, bakuli la unga. Unga uliotawanyika hewani ni kuni. Ulilipuka kwa mkupuo mmoja na kumbabua mkono hadi kiwiko. Mama akakimbilia ndoo ya maji. Jirani wa samaki, aliyekuwa amesikia mayowe, hakuingia chumbani. Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye ubao wa mita uliokuwa kwenye ukuta wa nje, akaishusha swichi kuu, nyumba nzima ikazimika, ndipo akaja mlangoni akipiga kelele, "Maji bado, dada! Maji bado!" Mbele ya nyumba palikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi. Wanawake wa saluni walichota kwa mabeseni yao ya kuoshea nywele, wakaumwaga mchanga ukutani mpaka moto ukafa.

Nimesimulia hatua hiyo polepole kwa kuwa watu huumia hapo kuliko kwenye moto wenyewe. Kama soketi au kifaa cha umeme kinawaka, kazi ya kwanza ni kuukata umeme kwenye swichi kuu. Usiupeleke mkono kwenye plagi inayoungua. Maji yanayomwagwa penye umeme huweza kuurudisha umeme kwa aliyeyamwaga, na oveni isiyo na athi ni hatari maradufu, kwa kuwa mwili wake wote unaweza kuwa na umeme. Mchanga mkavu unafaa, na kizimamoto cha poda au cha gesi ya kaboni dayoksaidi kinafaa zaidi. Unga, wa aina yoyote, usiukaribishe. Na kama moto umeshakuzidi kimo, acha vitu, toa watu, funga mlango nyuma yako, piga 999. Keki huokwa upya.

Mkono wa binti nao ulikuwa na washauri wengi. Mmoja alileta dawa ya meno, mwingine ute wa yai. Jirani wa samaki aliwasukuma wote, akauweka mkono chini ya bomba na kuushikilia hapo dakika 20, maji baridi ya kawaida, bila barafu, kisha wakampakia kwenye bodaboda kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara mkono ukiwa umefunikwa kwa kitambaa safi. Hicho ndicho kilichofaa kufanywa. Dawa ya meno na yai hulifungia joto ndani ya ngozi na kumpa daktari kazi ya kusafisha kabla ya kutibu.

Fundi alikuja kesho yake. Alikuwa kijana wa Kirundi mwenye kibali cha kufunga nyaya kinachotolewa na ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda. Alianza kwa kuhakikisha kwa testa kwamba umeme haupo, ingawa swichi kuu ilikuwa chini mbele ya macho yake. Ningependa kila mtoto anayejifunza kazi hiyo amwone. Kisha akafungua skrubu mbili za soketi. Tundu moja la chini lilikuwa limegeuka kahawia na kingo zake zimejikunja. Kifuniko cha biki kilikuwa kimeyeyuka na kuganda kuwa donge la buluu. Kibano cha shaba nyuma ya tundu lile kilikuwa cheusi, na alipokibonyeza kwa bisibisi hakikurudi. Shaba ilikuwa imepoteza mkazo wake. Skrubu iliyoshika waya wa moto ilizunguka kwa ncha ya kidole. Akaukwangua waya kwa kisu. Juu ulikuwa mwekundu, ndani mweupe. Ulikuwa alumini iliyopakwa shaba.

"Mama, breka haikuanguka?"

"Haikuanguka hata mara moja, mwanangu. Ndiyo maana nilijua umeme ni mzima."

Kwenye jibu hilo ndipo lilipo somo lote. Fyuzi na breka hupima jambo moja tu, wingi wa umeme unaopita. Nyaya zikigusana, umeme huruka kuwa mwingi ghafla na breka huanguka. Ukiwasha vitu vingi mno, itaanguka baada ya muda. Lakini kiungo kilicholegea hakiongezi umeme. Kinaweka kizuizi njiani. Chukua kizuizi cha nusu ya omu, kitu ambacho huwezi kukiona kwa macho. Ampea 10 mara ampea 10 mara nusu: wati 50. Hilo ni joto la chuma cha kulehemu redio, likiwa limekusanyika kwenye ncha ya skrubu, ndani ya plastiki, nyuma ya pazia. Breka inaona ampea 10 zilezile za halali na haina sababu ya kuanguka. Joto huilegeza skrubu zaidi, huifanya shaba iwe nyeusi, kizuizi hukua, na joto huongezeka. Yote hayo huchukua siku au wiki, na muda wote huo hakuna chombo katika nyumba ya kawaida kinachopiga kelele. Kinachotoka ni harufu.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya vyumba vya kupanga vya Afrika. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, katika jengo la Grenfell, London, moto ulianzia kwenye friji kubwa jikoni mwa nyumba moja ya ghorofa ya 4. Mtaalamu wa umeme aliyetoa ushahidi kwenye tume ya uchunguzi alikielekezea kidole kiungo cha waya kilichobanwa vibaya karibu na kompresa ya friji hiyo. Mpangaji, mzaliwa wa Ethiopia, aliamshwa na king'ora cha moshi, akawapigia zimamoto saa 6 na dakika 54 usiku, akawagongea majirani milango. Hakukosea lolote. Lakini jengo lilikuwa limevishwa nje mabamba yenye plastiki ndani yake, moto ukapanda hadi juu ya ghorofa 24, na watu 72 wakafa, miongoni mwao Waeritrea na Waethiopia, watu wa nchi zilezile ambazo watu wake wengine wamefikia Nakivale. Walioua ni mabamba na wale walioyaruhusu. Ila cheche ya kwanza, kwa mtazamo wa mtaalamu huyo, ilitoka kwenye kiungo kisichotosha hata ukucha.

Basi mtu anusaje oveni? Harufu ya sukari au wanga uliomwagika ni chungu yenye utamu ndani yake, na hutoka kwenye mlango wa oveni unapoufungua. Hiyo ni ya kusafisha, oveni ikishapoa. Mafuta hutoa moshi unaochoma macho na pua, nao pia hutoka ndani. Oveni mpya kabisa huwa na mafuta ya kiwandani, basi huwashwa tupu kama saa nzima, madirisha wazi, na harufu hupungua kila inapowashwa. Ya mtumba iliyokaa stoo inaweza kuwa na kiota cha panya ndani ya pamba ya kioo iliyozunguka chumba cha joto, na hiyo hunuka nywele zilizoungua. Hapo usiendelee kuijaribu, ifunguliwe na fundi. Mara nyingine ni karatasi ya nailoni au kibandiko kilichosahaulika chini ya trei. Zote hizo huwa na tabia moja: chanzo kiko ndani ya oveni, na zikisafishwa huisha.

Harufu ya plastiki, ya mpira, ya samaki pasipo samaki, hizo ni nyingine. Zikisikika, zima oveni kwa kitufe chake, kisha zima swichi kuu, usiichomoe plagi ikiwa ingali ya moto. Subiri. Ndipo ukainame na kunusa karibu, kwanza plagi na soketi, halafu waya kwa urefu wake, halafu nyuma ya oveni unapoingia waya. Weka mgongo wa mkono kwenye plagi. Baada ya kazi ndefu plagi huwa vuguvugu. Ikikulazimisha kuondoa mkono, imeharibika. Tafuta rangi ya kahawia kuzunguka matundu, kingo zilizojikunja, weusi kwenye miguu ya plagi. Na kama waya wa ekstensheni umetumika ukiwa umezungushwa kwenye kibiringo, ukunjue uuguse wote, maana uliozungushwa hujipasha moto wenyewe kwa wenyewe na ganda lake hulainika. Oveni haitakiwi kuwa kwenye ekstensheni hata kidogo.

Kwa wale wa gesi, amri ni kinyume. Gesi ya mtungi hutiwa harufu mbaya kwa makusudi ili ivujapo ijulikane. Ukiisikia usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima, kwa kuwa kila swichi hutoa cheche. Funga mtungi, fungua milango, toka.

Kuikata plagi ya Ulaya na kufunga ya Kiingereza yenye fyuzi ya ampea 13, waya wa athi ukiwa umeshikwa sawasawa, ni kazi ya dakika chache. Soketi iliyowahi kushindiliwa miguu ya mviringo ibadilishwe pia, kwa kuwa vibano vyake vimeshachoka. Waya unaokwenda kwenye soketi ya oveni uwe wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, wenye alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Kisu kikiukwangua uwe mwekundu hadi ndani. Na majiko makubwa, yanayopita wati 3,000, hayana biashara na plagi. Yanataka laini yao nene kutoka kwenye ubao mkuu na breka yao wenyewe.

Tukirudi kwenye kisa, shauri la hasara lilipelekwa kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa. Umeme ulikuwa umezimwa siku tatu, na sato wote waliokuwa kwenye friza ya jirani walioza. Wenye harusi walidai pesa yao. Mwenye nyumba, mzee wa Kinyankore, alianza kwa kusema mpangaji ndiye aliyeleta oveni. Fundi akaombwa aeleze. Akamwonyesha mzee kipande cha waya wa alumini, kisha akaeleza kwamba vyumba vyote vitatu vilikuwa vimeunganishwa kwenye waya mmoja wa milimita 1.5 za mraba, breka moja, na chuma cha athi hakijawahi kuzikwa. Kampuni ya kusambaza umeme, UEDCL tangu Aprili 2025 na kampuni iitwayo Umeme kabla yake, kazi yake huishia kwenye mita; yaliyo ndani ya ukuta ni ya mwenye ukuta. Mzee alisikiliza kwa muda mrefu. Nadhani alistahili sehemu kubwa zaidi ya lawama kuliko aliyopewa, kwa kuwa kodi ya chumba cha biashara ni kodi ya umeme unaofaa kufanyia biashara, na mkimbizi aliyetoka Nakivale na sufuria mbili hakuwa na namna ya kuona ndani ya ukuta wa mtu.

Ilikatwa hivi: mzee atalipia nyaya mpya, athi, na breka ya kila chumba, mama atalipa samaki kwa awamu, wenye harusi watarudishiwa pesa yao baada ya mwezi. Jirani wa samaki alikuwa na dai moja zaidi. Alitaka mama aseme mbele ya wateja, siku ya soko, kwamba harufu haikuwa ya kambale wake, kwa sababu wapo waliohama kwa ajili ya maneno yale. Mama alikubali kabla mwenyekiti hajamaliza kutafsiri.

Fundi alianza kazi Jumatatu. Hakuanzia chumba cha keki, ambacho kilishajulikana. Aliomba funguo za vyumba vingine viwili, akashusha swichi kuu, akafungua soketi moja baada ya nyingine. Ile ya friza ya samaki ilikuwa imelegea skrubu lakini bado nyeupe. Kwenye saluni, nyuma ya kioo, penye mashine ya kukaushia nywele, alikuta njiti ya kiberiti imevunjikia ndani ya tundu la athi, na kahawia hafifu inaanza kuzunguka tundu la chini. Akamwita mwenye saluni aje kuona kwa macho yake kabla hajaing'oa.